Naanza jiko upya: vyombo gani ni vya lazima kweli, na vipi vinajaza kabati tu?

#1 Kitunguu_Maji (mleta mada)

Wakuu, salama?

Nahama, na kwenye vyombo vya jikoni naanza upya kabisa. Wakati wa kufunga mizigo nimeona jambo: vitu vilivyochakaa kwa kutumika ni vichache mno. Kisu kimoja, ubao wa kukatia, sufuria moja ya kitako kizito, kikaango na mwiko. Vilivyobaki vilikuwa bado vinang'aa, vingine hata karatasi ya dukani haijabanduka.

Msimamo wangu ni kwamba anayepika nyumbani kila siku anahitaji hivyo vitano, na vingine vyote ni nyongeza. Nataka mnipinge au mniunge mkono, ila kwa sababu. Nimesahau nini? Pesa iende wapi kwanza, kwenye kisu au kwenye sufuria? Na kwa nini makabati yetu yanajaa wakati mkono unarudi kwenye vilevile?

Nawasilisha.

#2 Mchi_na_Kinu

Umesahau upawa. Supu utaipakua kwa mwiko?

#3 Makali

Kisu, mkuu. Karibu kila mlo unaanza na kukata, na kukata ndiko kunakokula muda. Chukua kimoja cha sm 18 hadi 20, na kingine kidogo cha kumenyea. Kama unanunua mikate yenye ganda gumu, ongeza cha meno. Vile visu vinavyouzwa seti nzima na kigogo chake, vitatu ndivyo vinavyofanya kazi, vingine vinakaa pale mpaka unahama.

Ila kisu bila kinoo ni kazi bure. Kisu butu ndicho kinachojeruhi watu, kwa sababu unakikandamiza, kinateleza na kuishia kidoleni. Chukua nyanya iliyoiva, weka makali juu ya ganda lake, vuta taratibu bila kukandamiza. Kikizama chenyewe, kisu kizima. Kikiibonyeza nyanya kwanza ndipo kiingie, kipeleke kwenye kinoo leo.

#4 BintiSufuria

Makali, kisu cha kawaida kikinolewa kinakata. Sufuria nyembamba huwezi kuinoa ikawa nene! Hapo ndipo pesa iende. Kitako kikiwa chembamba, moto unapiga sehemu moja: katikati kunaungua, pembeni bado kubichi, na wewe unakoroga mfululizo mpaka bega linauma. Mimi nina ya stenlesi ya kitako kizito na siiachi. Stenlesi inasambaza moto kuliko vyote.

#5 Fundi_Joto

BintiSufuria, jina lako lilishatangaza upande wako kabla hujaandika. Kuhusu kitako nakubali, kuhusu stenlesi nakataa.

Stenlesi yenyewe ni dhaifu sana katika kupitisha joto. Kwa vipimo vya wati kwa mita kwa kila nyuzi, shaba iko karibu 400, alumini inapita 200, na stenlesi ya vyombo iko karibu 15. Maana yake alumini inapitisha joto zaidi ya mara kumi. Sufuria yako inafanya kazi vizuri kwa sababu ndani ya kile kitako kizito kuna alumini au shaba iliyobanwa katikati. Stenlesi ni gamba tu, liko pale lisiingiliane na chakula wala kushika kutu.

Kwa hiyo mleta mada, ukinunua, igeuze uangalie. Kuna zenye sahani ya alumini chini tu, na kuna ambazo alumini inapanda mpaka ukingoni. Za aina ya pili ni ghali zaidi, lakini mchuzi mzito hauungui pembeni pale sahani inapoishia.

#6 BintiSufuria

Sawa Fundi, nimekupata. Lakini uamuzi ni uleule: kitako kizito. Au?

#7 Fundi_Joto

Ni uleule, dada. Nilichosahihisha ni sababu.

#8 ChumaNiChuma

Mnazunguka sana. Kikaango cha chuma kizito, kile cheusi cha kusubu. Hakina gamba la kubanduka, hakina mpini wa kuyeyuka, kinatoka kwenye jiko kinaingia kwenye oveni. Mama yangu anakaangia cha bibi yake mpaka leo, na ndani kinang'aa kama kioo. Kinapata moto sawasawa kila mahali na hakigandishi mayai.

#9 Makali

Na mkono wa kukinyanyulia unauzwa pamoja nacho?

#10 ChumaNiChuma

Mikono miwili, kaka. Ndiyo maana vingi vina kishikio kidogo upande wa pili.

#11 Fundi_Joto

Mkuu, "sawasawa kila mahali" hapana. Chuma cha kusubu kinapitisha joto vibaya kuliko alumini. Kiweke juu ya jiko dogo, kipashe moto, kisha kinyunyizie unga mkavu kidogo: utaona unavyobadilika rangi katikati kwanza, pembeni bado mweupe. Sifa yake ni kutunza joto. Kikishapata moto, ukitupia kipande cha nyama baridi hakipoi haraka. Kwa hiyo kipashe taratibu, dakika kadhaa, na ukizungushe.

Kung'aa ulikokuona kwenye cha bibi ni mafuta yaliyopikwa yakageuka ngozi ngumu iliyoshikana na chuma. Tabaka juu ya tabaka.

#12 Mpishi_wa_Usiku

Na vile visivyogandisha, vyenye tefloni? Mimi napika nikirudi kazini usiku, mayai mawili, nataka yateleze tu. Nasikia ni sumu. Na pia nasikia ilibuniwa kwa ajili ya safari za mwezini, sasa kama iliwafaa wanaanga sisi tuna nini?

#13 Daftari_la_Jiko

Hiyo ya mwezini inasambaa sana lakini si kweli. Tefloni iligunduliwa 1938 na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont, Marekani, kwa bahati, akiwa anafanya kazi ya gesi za majokofu. Vikaango vilikuja miaka ya 1950 Ufaransa, kwa Marc Grégoire, na kampuni ya Tefal ikaanzishwa 1956. Mwaka huo hakuna aliyekuwa amefika anga za juu, sembuse mwezini.

Kuhusu sumu, tenganisha mambo mawili. Tefloni yenyewe ikiwa kwenye joto la kawaida la kupikia haifanyi kitu, hata ukimeza kipande kilichobanduka kinapita kilivyo. Shida inaanza ikipita nyuzi 260 za Selsiasi hivi, inaanza kuharibika, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyotoa moshi mbaya. Ndege wa kufugwa ndani wanakufa kwa moshi huo. Jambo la pili ni PFOA, kemikali iliyotumika kiwandani kuitengeneza, ndiyo iliyoleta kesi na kelele nyingi, na watengenezaji wakubwa wa Marekani waliahidi kuachana nayo kufikia 2015.

Kwa mayai yako mawili kinafaa kabisa. Usikiache tupu juu ya moto mkali, basi.

#14 Mpishi_wa_Usiku

Shukrani. Moto mdogo naweza.

#15 Nyumba_Tulivu

Naongeza: nina kasuku, na kwa sababu hiyo hiyo sina kabisa kikaango cha aina hiyo nyumbani. Alichosema Daftari si hadithi, mapafu ya ndege hayahimili. Mwenye ndege asifanye mchezo.

#16 Karoti_Mbili

Mimi swali langu ni dogo. Kwa nini chakula kinagandia kwenye stenlesi? Kila mtu anasifu, mimi nikikaanga yai linabaki nusu kwenye kikaango.

#17 BintiSufuria

Hujakipasha vya kutosha. Kipashe kikavu, dondoshea tone la maji. Likichemka na kukauka papo hapo, bado. Likijikusanya likawa gololi inayokimbia huku na huku, mimina mafuta, weka chakula.

#18 Mchi_na_Kinu

Mafuta machache. Watu wanaogopa mafuta siku hizi.

#19 ChumaNiChuma

Chakula chenyewe kimetoka kwenye jokofu, kibaridi na kina maji. Kikaushe kwa kitambaa kwanza.

#20 Makali

Haraka ya kugeuza. Nyama inajiachia yenyewe ikishaiva upande wa chini. Mkiiwahi lazima ichanike.

#21 Fundi_Joto

Karoti, umepewa majibu manne na kila moja lina ukweli wake. Protini ya yai inashikana na chuma chenyewe, na joto, mafuta, ukavu na subira vyote vinapunguza mshikano huo kwa njia tofauti. Kipimo cha tone alichotoa BintiSufuria kinaeleweka vizuri: tone likigusa chuma chenye moto mkali, sehemu yake ya chini inageuka mvuke na kulibeba, ndiyo maana linakimbia. Jambo hilo linaitwa kwa jina la Leidenfrost, Mjerumani aliyeliandika 1756.

Ila kwa yai naona kikaango kikiwa na moto wa kiwango hicho kinapita kiasi. Yai litababuka kabla hujachukua chumvi. Kipimo hicho ni cha nyama.

#22 BintiSufuria

Kwa yai nakipasha hivyo, kisha nakitoa motoni kipoe kidogo ndipo naweka mafuta. Halishiki.

#23 Karoti_Mbili

Kwangu halikukubali hata hivyo, lakini nitajaribu na ya kukausha.

#24 Mama_Pilika

Wanangu mmekazana na vikaango mmeusahau ubao. Mimi nasema plastiki. Mbao inanyonya damu ya nyama na vijidudu vinaingia ndani, huwezi kuvifikia.

#25 Daftari_la_Jiko

Mama Pilika, shikamoo. Hilo la vijidudu kuingia ndani ya mbao ni kweli, lakini kinachofuata ndicho kilichowashangaza watafiti. Dean Cliver na wenzake Marekani waliupima ubao wa mbao na wa plastiki miaka ya 1990. Kwenye mbao bakteria walizama chini ya uso, hawakuzaliana na wakafa taratibu. Kwenye plastiki mpya kuosha kulitosha. Plastiki kuukuu iliyojaa michirizi ya kisu ndiyo iliyosumbua, bakteria walibaki kwenye michirizi hata baada ya kuoshwa kwa mkono.

Kwa hiyo kikubwa ni uzima wa ubao. Plastiki ikichimbika, itupe. Mbao ioshe, isimamishe ikauke pande zote mbili, usiiloweke.

#26 Mama_Pilika

Marahaba mwanangu. Nimeelewa, lakini wa nyama mbichi kwangu utabaki wa plastiki, kwa sababu nauosha kwa maji ya moto sana, na mbao ukiifanyia hivyo kila siku inapasuka. Na uwe peke yake, mboga za kuliwa mbichi zisiuguse.

#27 Makali

Hapo Mama umesema. Mbao mbili basi, mleta mada hesabu yako ya vitano imeshavunjika. Na yeyote mwenye ubao wa kioo auweke mapambo. Kioo ni kigumu mno kwa kisu, makali yanalala siku ya kwanza.

#28 Unga_Safi

Naona hakuna aliyetaja mizani. Mimi naoka, na kwa mwokaji mizani inatangulia hata kisu.

Kikombe kimoja cha unga, ukichota kwa kukandamiza na ukimimina taratibu kwa kijiko, tofauti inafika gramu 30 kirahisi. Kwenye keki ndogo hiyo ndiyo tofauti ya laini na kavu. Halafu kikombe chenyewe si kimoja: cha Marekani ni mililita 237 hivi, kwingine kinahesabiwa 250. Kijiko cha chakula ni mililita 15 karibu kila mahali, Australia ni 20. Gramu haina ubishi. Unaweka bakuli juu, unarudisha sifuri, unamimina, unarudisha sifuri tena, na huchafui vikombe sita.

#29 Mchi_na_Kinu

Mimi napima kwa kiganja na familia inakula.

#30 Unga_Safi

Kwenye mchuzi kiganja kinatosha, mchuzi unaonja na kurekebisha. Keki ikishaingia kwenye oveni utairekebisha na nini?

#31 Nesi_Jikoni

Mizani mmeitaja, sasa na mimi niweke kipimajoto cha chakula, kile cha kuchoma ndani ya nyama. Ni kidogo, kinakaa kwenye droo. Watu wanapima kuku kwa rangi ya maji yanayotoka, na rangi inadanganya, nyama inaweza kuonekana imeiva na ndani bado haijafika. Mwongozo wa Marekani ni nyuzi 74 kwa kuku, 71 kwa nyama ya kusaga, na 63 kwa kipande kizima cha ng'ombe kikipumzishwa dakika 3. Choma sehemu nene kabisa na usiguse mfupa.

Nimeona wagonjwa wa kuhara walioishiwa maji kabisa mwilini. Ndiyo maana kwangu hiki kiko kwenye orodha ya lazima, si nyongeza.

#32 ChumaNiChuma

Ukiibabua nyama kwanza kwa moto mkali inaziba matundu na maji yanabaki ndani, kisha unaimalizia taratibu. Kipimajoto cha nini?

#33 Fundi_Joto

Hiyo ya kuziba ilisambazwa na mkemia Liebig karne ya 19, ilishajaribiwa na kukataliwa zamani. Sikiliza nyama ikiwa kwenye kikaango: ule mlio ni maji yanayotoka. Kama ingekuwa imeziba, pangekuwa kimya. Kubabua kunaleta ladha, na hiyo inatosha kuwa sababu. Uso wa nyama ukikauka, joto linapita nyuzi 100, na kuanzia 140 hivi ndipo ule wekundu wa kahawia na harufu vinakuja kwa kasi. Ni mabadiliko aliyoyaeleza Maillard, Mfaransa, mwaka 1912.

Na ndiyo hoja nyingine ya chombo kizito, nakupa ushindi hapo. Chombo chepesi kikipoa, maji yanajaa na nyama inachemka badala ya kukaangika.

#34 ChumaNiChuma

Ushindi nimepokea, mengine nayatafakari.

#35 Mpishi_wa_Usiku

Turudi kwenye swali la tatu la mleta mada, hakuna aliyeligusa. Kwa nini makabati yanajaa? Nadhani ni seti. Ukitaka sufuria moja unauziwa saba.

#36 Karoti_Mbili

Zawadi pia. Harusi moja tu, unapata mashine tatu za kukamulia juisi.

#37 Unga_Safi

Mimi naona ni kuosha. Kile kifaa cha kukata mboga kwa umeme kinamaliza kazi haraka, halafu kina vipande vitano vya kuosha na kisu kimoja kinachotisha. Mtu anaosha mara chache za mwanzo, baadaye anaona heri kisu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kifaa kitatumika, kiulize kinaoshwaje.

#38 Makali

Au kisu chake ni butu! Mtu mwenye kisu kikali hanunui kifaa cha kukatia vitunguu, kingine cha nyanya, kingine cha kitunguu saumu. Vyote hivyo vinanunuliwa kuziba pengo la kinoo.

#39 Mama_Pilika

Makali, si wote wenye vidole vya kushika kisu. Mimi nina baridi yabisi. Kile cha kupondea kitunguu saumu, na kifaa cha kufungulia mitungi, kwangu ni vya lazima kuliko kikaango chenu kizito ambacho sikinyanyui hata mkinilipa. Mnaposema "lazima" semeni na lazima ya nani.

#40 Makali

Pole Mama, na umenishika. Jaribu pia kisu cha mpini mnene, kuna vyenye mpira. Na weka kitambaa kilicholowa chini ya ubao usiteleze, kinapunguza nguvu ya kushikilia.

#41 Mama_Pilika

Kitambaa ninacho tayari, ahsante mwanangu.

#42 Nyumba_Tulivu

Nami naongezea kwenye swali hilo: mahali pa kuweka. Kitu kilicho nyuma ya vitu vingine vitatu hakitumiki, hata kiwe kizuri vipi. Nilihamishia blenda mezani ikaanza kufanya kazi kila siku. Haikubadilika, ilisogea.

#43 Daftari_la_Jiko

Hakuna aliyetaja sufuria ya presha. Wanaopika vyakula vigumu kama maharage wajue haijaanza jana. Denis Papin aliitengeneza 1679. Ndani yake maji yanafika karibu nyuzi 120 badala ya 100, ndiyo maana muda unapungua sana. Gesi nayo inapona. Kwa nyumba inayochemsha maharage kila wiki naiweka juu ya kikaango.

#44 Mchi_na_Kinu

Naogopa ule mluzi.

#45 Daftari_la_Jiko

Angalia mpira wa mfuniko usiwe umepasuka, safisha kitundu cha mvuke, usijaze kupita theluthi mbili, na kwa maharage na vyote vinavyotoa povu ishia nusu. Usilazimishe kuufungua mpaka presha ishuke. Ukifuata hayo, mluzi ni ishara kuwa mvuke unatoka, na unapaswa kutoka.

#46 Kitunguu_Maji (mleta mada)

Nimesoma yote, asanteni sana. Nimeongeza upawa, ubao wa pili, kinoo na kipimajoto. Mizani bado nafikiria, siokagi. Swali moja la mwisho: ninakohamia kuna jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha chuma cha sufuria kwa nguvu ya sumaku, si gesi. Sufuria yangu ya zamani itafaa? Chini imeandikwa 18/10.

#47 Fundi_Joto

18/10 inakuambia tu mchanganyiko: asilimia 18 kromi, asilimia 10 nikeli. Haikuambii kama itafanya kazi. Chukua sumaku ya mlangoni pa jokofu, ibandike kwenye kitako. Ikishika imara, twende. Ikianguka, jiko halitaiona hata kidogo. Alumini tupu na shaba tupu hazishiki. Kikaango cha ChumaNiChuma kinashika bila wasiwasi.

#48 ChumaNiChuma

Umeona sasa! Ila kinyanyue, usikiburute, kioo cha induksheni kinachunika.

#49 Kitunguu_Maji (mleta mada)

Sumaku imeshika katikati, ukingoni inateleza. Hiyo inahesabiwaje?

#50 BintiSufuria

Maana yake sahani ya chuma chini ni ndogo kuliko kitako. Itafanya kazi, lakini tumia duara dogo la jiko lililo sawa na hiyo sahani. Ukiiweka kwenye kubwa, mengine yanakataa kuwaka na mengine yatapasha katikati tu.

#51 Fundi_Joto

Sahihi. Pima upana wa sehemu inayoshika sumaku kwa rula kabla hujahama, kisha linganisha na alama zilizochorwa juu ya jiko.